Shaba ya gunia na waya wenye mwenyewe

 

Ndugu msomaji, wiki kadhaa zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja alinisubiri penye viatu hadi watu wakaondoka. Ni kijana tunayemfahamu sote hapa mtaani. Asubuhi humwona na gunia begani na kipande cha sumaku kilichofungwa kwenye kamba, akiokota na kununua vyuma chakavu: nondo zilizopinda, feni mbovu, mota zilizoungua na nyaya. Sumaku yake ndiyo mwalimu wake. Kinachonasa ni chuma, na bei yake ni ndogo. Kisichonasa hukikwangua kwa kisu, na akiona wekundu hufurahi, kwa kuwa hiyo ni shaba, au kopa kama wenyewe waiitavyo, na kilo moja ya shaba humpatia zaidi ya gunia zima la mabati. Ameniruhusu kulieleza jambo lake katika ukurasa huu kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala mtaa, nami nimelikubali sharti hilo.

Alisema hivi: “Ustadhi, kuna watoto wawili waliniletea fungu la waya uliokwisha kuchomwa, kama kilo nne. Nikanunua, nikauza yadi siku ile ile. Siku ya pili nikaja kuswali nikakuta hakuna maji.” Hapo nami nikakumbuka. Waya uliokuwa ukitoka kwenye mita kwenda kwenye pampu ya kisima cha msikiti ulikuwa umefukuliwa usiku, na tangu siku hiyo tulikuwa tukitawadha kwa maji ya ndoo yanayoletwa na akina mama wa jirani. Kijana akaendelea: “Mimi sikuiba. Lakini fedha nimezila, nimelipa kodi ya chumba na dawa za mama. Sasa kila nikitia mkono kwenye ile ndoo naona kama natawadhia dhambi yangu. Nina kosa, au sina?”

Nilimwomba anipe muda. Swali lake si la kujibiwa umesimama mlangoni, na tena nilikuwa na aibu yangu mwenyewe, ambayo nitaifikia.

La kwanza ambalo kijana yule alistahiki kuambiwa ni kwamba kazi yake si kazi ya kudharauliwa. Imepokewa kwa Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimpendelea mtu achukue kamba yake, aende kukata kuni na kuzibeba mgongoni, kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Akaeleza pia kwamba Nabii Daud (A.S.), pamoja na ufalme wake, alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Muokota vyuma ni ndugu wa yule mkata kuni. Nasi tunaoziba pua anapopita, ndio hao hao tunaomwita aje atuondolee jiko bovu uani, kisha tukamtoza na bei.

Zaidi ya hayo, mtu huyu huokoa mali isipotee. Bukhari na Muslim wameipokea habari ya kondoo aliyetolewa sadaka kwa mwanamke aliyekuwa huru wa Bibi Maimuna (R.A.), kondoo yule akafa. Mtume (S.A.W.) alipompita amelala pale aliuliza kwa nini hawakuitumia ngozi yake. Wakamjibu kuwa ni mzoga, naye akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Hebu mtu ayatafakari maneno hayo mbele ya jalala la mji kama Dar es Salaam. Shaba haichakai kama nguo. Ikiyeyushwa hurudi kuwa shaba ile ile, na waya wa leo huenda ulikuwa bomba au sufuria ya zamani.

Nayo shaba ni madini yenye heshima yake katika Kitabu chetu. Katika Sura ya Saba, aya ya 12, Mwenyezi Mungu (S.W.) anaitaja chemchemi ya shaba iliyoyeyushwa miongoni mwa neema alizompa Nabii Suleiman (A.S.). Katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 96, Dhul-Qarnain anaagiza aletewe shaba iliyoyeyuka aimwage juu ya vipande vya chuma ili ngome iwe imara. Wanaojua kazi ya tanuri watakuambia kwamba shaba huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,085 za Selsiasi. Na sisi wa pwani hii tuna uhusiano nayo wa miaka mingi, kwa kuwa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilijengwa kwa sababu kubwa ya kuifikisha shaba ya Zambia kwenye bandari ya Dar es Salaam. Shaba hupita karibu yetu kwa mabehewa, na kijana wetu huifuata kwa gunia.

Kilichoibadilisha biashara hii ni bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tani moja ya shaba katika soko la London ilikuwa chini ya dola 2,000 za Marekani. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ilivuka dola 10,000. Bei ya London humfikia mwenye yadi, mwenye yadi humwambia muokotaji, na usiku watu wenye koleo huanza kuutazama waya ulio juu ya nguzo kwa jicho jingine.

Hapa ndipo panapohitaji elimu, kwa sababu wengi wanaokata nyaya hawajioni kuwa ni wezi. Huyu atakuambia kuwa aliukuta waya umeanguka. Yule atasema aliuchimba ardhini, na kilicho ardhini ni cha Mungu. Wa tatu atadai kuwa ni mali ya umma, naye ni umma. Tuyatazame madai haya, kwa kuwa sheria yetu haikuyaacha bila jibu.

Kitu alichokitupa mwenyewe kwa hiari, naye hakitaki tena, hakina tatizo. Feni iliyowekwa jalalani ni ya atakayeiokota. Kitu kilichopotea kina hukumu nyingine, nayo ni hukumu ya luqata. Katika hadithi ya Zaid bin Khalid Al-Juhani (R.A.), Mtume (S.A.W.) aliagiza mtu akitambue chombo cha mali iliyookotwa na kamba iliyofungiwa, kisha aitangaze mwaka mzima. Ni kweli kwamba wanazuoni wamesamehe kutangaza vitu vidogo visivyo na thamani, wakizingatia habari ya Mtume (S.A.W.) kupita penye tende njiani akaeleza kuwa angeila lau si kuchelea kuwa ni ya sadaka. Lakini kilo nne za shaba si tende moja.

Tena, katika hadithi hiyo hiyo ya Zaid, alipoulizwa kuhusu ngamia aliyepotea, Mtume (S.A.W.) alionekana kukasirika. Ngamia ana maji yake na miguu yake, aachwe hadi mwenyewe amkute. Kwa maoni yangu, waya uliofungwa kwenye nguzo au uliolazwa mtaroni uko karibu na ngamia huyo kuliko na mfuko wa fedha ulioanguka sokoni. Haukupotea, uko pale alipouweka mwenyewe. Hata upepo ukiuangusha, mwenyewe anajulikana na ofisi yake inajulikana.

Ama anayesema kuwa kilicho ardhini ni halali yake, huenda amesikia kwa mbali habari za rikazi, yaani hazina iliyofukiwa, ambayo aliyeipata hutoa humusi na kubaki na sehemu nne. Hakusikia vizuri. Rikazi ni iliyofukiwa na watu wa zama za kabla ya Uislamu, ambao wenyewe hawapo tena, na katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii, hukumu yake ni ya dhahabu na fedha tu. Waya wa simu uliozikwa na mafundi wenye magari na sare haumo.

Na huyu wa tatu, wa mali ya umma, ndiye anayenitisha zaidi. Katika vita vya Khaibar kulikuwa na mtumishi aliyeitwa Mid'am. Alipigwa na mshale akafa, watu wakamwonea fahari kwa shahada. Mtume (S.A.W.) akawaambia kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa ilikuwa ikimwakia moto. Kusikia hayo, mtu mmoja akaja na kamba ya kiatu, au kamba mbili, akazirudisha, naye akaambiwa kwamba hata hizo ni kamba za moto. Habari hii imo kwa Bukhari na Muslim. Ndugu msomaji, kamba ya kiatu ina thamani gani? Lakini ilikuwa mali ya wote, na mali ya wote ina wadai wengi.

Wadai hao tunawajua. Nyaya za shaba zikikatwa kwenye transfoma, hususan ule unaoshuka ardhini au ule usio na moto ambao watu huudhani hauna kazi, umeme huweza kupanda katika baadhi ya nyumba na kuunguza majokofu na taa za watu wasiojua lolote. Kituo cha afya kikikosa umeme, chanjo zilizo kwenye jokofu huharibika. Jirani zetu wa Kenya walilionja jambo la namna hii kwa upana wa nchi nzima. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme ilianguka katika eneo la Imara Daima jijini Nairobi baada ya vyuma vyake kuhujumiwa, na nchi ikaingia gizani. Siku tisa baadaye Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, marufuku iliyodumu hadi mwanzoni mwa mwezi Mei. Katika miezi ile hata muokotaji mwadilifu alifungiwa mlango wa riziki kwa dhambi ya mwingine. Kanuni ya Mtume (S.A.W.) ya kutodhuru wala kudhuriana inawahusu pia maskini hawa.

Sasa turudi kwa kijana wetu, ambaye hakukata bali alinunua.

Nilikwenda kwa sheikh mmoja mzee ambaye nilisoma kwake fiqhi utotoni, nikamweleza bila kutaja jina. Swali lake la kwanza lilikuwa: “Aliponunua, moyo wake ulisemaje?” Nilimrudia kijana nikamwuliza. Akainama. Akasema moyo uligutuka, kwa kuwa watoto wa umri ule hawana kilo nne za shaba, na waya ulikuwa umechomwa, na watu wa kazi hiyo wanajua kwamba mara nyingi waya huchomwa ili ganda lake lisitambulike. “Lakini bei ilikuwa nzuri, Ustadhi.”

Hadithi ya An-Nu'man bin Bashir (R.A.) inaeleza kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna yenye kutatiza ambayo wengi hawayajui, na anayeyaepuka ameisalimisha dini yake na heshima yake. Na katika hadithi nyingine dhambi imeelezwa kuwa ni kile kinachokutaabisha kifuani na ukachukia watu wasikione. Kijana wetu alitaabika kifuani, akauza siku ile ile ili asilale nayo. Kwa hiyo sheikh alisema kwamba toba inamlazimu kwa kulipuuza onyo la moyo wake. Angalikuwa hajui kitu wala hana shaka, asingekuwa na dhambi.

Lakini dhambi na dhamana ni vitu viwili, na wengi huchanganya. Hata asiyejua, mali ya mtu ikipita mkononi mwake kwa njia ya wizi, haki ya mwenyewe haifutiki. Wanazuoni wa Kishafi husema mikono yote iliyopokezana mali iliyoporwa ni mikono ya dhamana, na mwenye mali ana haki ya kumwendea yeyote kati yao. Abu Daud na An-Nasai wamepokea kwa Samura bin Jundub (R.A.) kwamba mwenye mali akiikuta mali yake hasa mkononi mwa mtu, yeye ndiye mwenye haki zaidi, na aliyenunua amfuate aliyemuuzia. Kwa hiyo kijana alipe. Alipe nini? Hapa sheikh aliniuliza tena: waya ulimfikia ukiwa mzima au umechomwa? Nikamwambia umechomwa. Akasema basi kilichopita mkononi mwake ni shaba ya uzito ule, ndiyo anayoidhamini, ama waya mzima, ganda lake na kazi ya kuufukia, hayo ni juu ya waliofukua na aliyewatuma. Na kwa kuwa kisima ni waqfu, malipo yafike mikononi mwa msimamizi wa waqfu. Kama mwenye mali asingejulikana kabisa, angetoa sadaka kwa niaba yake. Hapa anajulikana. Wallahu a'lam.

Nilimwuliza sheikh kama ni lazima kijana ajitaje. Akasema haki ni ya kufika, si ya kutangazwa. Nilishukuru sana kwa jibu hilo, maana siku tulipogundua waya haupo, nilisikia kwa masikio yangu watu wazima, katika ua wa msikiti, wakiapa kwamba wakimpata mwizi watamvika tairi. Kijana alikuwa amekaa palepale akisikiliza. Mtu akijua kwamba atachomwa moto, atatubu vipi mbele ya watu? Na ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kuadhibu kwa moto, ilhali Mtume (S.A.W.) ametukataza, akieleza kuwa adhabu hiyo ni ya Mola wa moto peke yake?

Kuhusu wale watoto wawili, kalamu imenyanyuliwa kwa asiyebaleghe, lakini mapafu yake hayakunyanyuliwa. Ganda la waya ni plastiki, na likiungua hutoa moshi wenye tindikali na sumu ziitwazo dioksini, na katika nyaya nyingine mna risasi. Eneo la Agbogbloshie jijini Accra, nchini Ghana, lilijulikana duniani kwa moshi wa nyaya zilizochomwa na vijana, hadi serikali ilipolibomoa mwaka 2021. Na ajabu ni kwamba hata hesabu ya fedha haiukubali moto huo. Shaba iliyomenywa kwa kisu hubaki inang'aa na bei yake ni ya juu kuliko iliyoungua. Anayechoma ana haraka, au ana cha kuficha.

Wenye yadi nao wasijione wako kando. Sura ya Al-Mutaffifin imeanza kwa onyo kwa wanaopunja vipimo, na kila muokotaji niliyezungumza naye ana kisa cha mzani unaosoma pungufu. Shaba iliyorundikwa ghalani kwa kuuzwa ni mali ya biashara, ikitimiza nisabu na mwaka ukapita inatolewa zaka, asilimia mbili na nusu ya thamani yake ya siku hiyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 kuhusu vyuma chakavu inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na kumbukumbu. Wapo wanaolalamika kuwa ni usumbufu, lakini Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, japokuwa imesamehe kuandika biashara ya papo kwa papo, imeagiza kuweka mashahidi watu wanapouziana. Yadi inayonunua usiku, bila kuuliza, kutoka kwa mtoto, inamwogopa shahidi gani?

Nimesema nina aibu yangu. Ni hii. Nilipokwenda kwa msimamizi kupata thamani ya waya wa pampu, tulifungua faili la kamati kutafuta risiti. Hatukuiona. Mzee mmoja akakumbuka kwamba waya ule tuliununua miaka minne iliyopita kwa mtu aliyesema umembakia kazini, na sote tulifurahi kwa kuwa ulikuwa nusu ya bei ya dukani. Mimi nilikuwemo katika kamati, nami ndiye niliyesema tusikawie. Hakuna aliyemwuliza alibakiwa na kazi gani, na ya nani. Mtu yule amehama, namba yake haipatikani. Sheikh nilipomweleza hakusema kitu kwa muda, kisha akaniambia: “Moyo wako ulisemaje siku ile?” Nilimjibu kwamba sikuusikiliza. Kamati imekubaliana kutoa thamani ya waya ule kwa mafukara kwa niaba ya mwenyewe, yeyote awaye, na mimi natoa sehemu yangu mbali.

Kijana analipa kidogo kidogo kila Ijumaa. Ananipa bahasha, nami naiwasilisha. Msimamizi aliniuliza mara moja tu inatoka kwa nani, nikamwambia inatoka kwa mdaiwa, akaandika hivyo kitabuni. Wale watoto hajawaona tena, na kila akikutana na wa umri wao wenye mzigo huwauliza baba yao ni nani, nao hukimbia.

Waya mpya umeshafungwa, mara hii kwa risiti, umepitishwa ndani ya bomba la chuma na kumwagiwa zege. Maji yamerudi. Ijumaa iliyopita safu nzima ilijipanga kwenye mabomba, naye nikamwona kando, ametawadhia ndoo aliyokuja nayo kutoka kwake. Nilimwambia kwamba maji ya msikiti ni halali kwake kama kwa mwingine. Akasema anajua, lakini bado amebakiza wiki tano.